Chokaa, atrazini na maharage yaliyoungua: kisa cha shamba la ekari tano Mbozi

Maharage yaliota vizuri, na hilo ndilo lililowapoteza wengi waliokuja kuangalia. Mbegu mbovu haioti, au huota kwa mapengo. Haya yaliota mstari mzima, yakafungua yale majani mawili ya kwanza yakiwa na kijani chake, yakatulia hivyo kwa karibu siku kumi na mbili. Kisha kingo za majani ya chini zikaanza njano. Njano ikaingia kati ya mishipa, kingo zikageuka kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, na kabla majani matatu-matatu ya pili hayajafunguka, sehemu kubwa ya ekari mbili ilikuwa imekwisha. Ekari tatu za mahindi zilizopakana nayo, zilizopandwa wiki hiyohiyo kwenye udongo uleule, hazikuwa na doa.

Shamba hili ni la kufundishia. Limeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mashamba ya mahindi ya uwanda wa Mbozi na Mbeya Vijijini, na vipimo vyake vimepangwa ili msomaji aweze kufuata hesabu. Dawa, magugu na tabia ya udongo ni kama zilivyo.

Misimu minane ya dawa ileile

Udongo ni mwekundu, wenye mfinyanzi wa kutosha, mwinuko kama mita 1,600. Mvua huanza Novemba, hushika Desemba, huisha Mei. Juni hadi Oktoba ardhi ni kavu. Zamani hapa yalilimwa mahindi na maharage mchanganyiko, palizi mbili za jembe la mkono. Vibarua walipoadimika, mama mwenye shamba akahamia kwenye dawa, na utaratibu ukawa mmoja kila mwaka: glaifoseti ya gramu 360 kwa lita kuua magugu yaliyoota na mvua za kwanza, kupanda bila kulima, kisha atrazini, dawa ya kupiga kwenye udongo inayoua magugu yanapoota, ya gramu 500 kwa lita ndani ya siku tatu baada ya kupanda. Maharage ya katikati ya mistari yakaachwa, maana mahindi huivunja atrazini ndani ya mmea na kuifanya isidhuru, ila maharage hayana uwezo huo. Maboga na mchicha wa mboga navyo vikatoweka. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote la shamba, ingawa jikoni huonekana tangu mwaka wa kwanza.

Mbolea ilikuwa mfuko mmoja wa DAP kwa ekari wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia. Hapa ndipo kisa kinapoanza hasa, japo hakuna aliyetazama upande huo. Kilo 50 za DAP hubeba naitrojeni kilo 9, na kilo 50 za urea hubeba kilo 23. Kila kilo ya naitrojeni ya urea huongeza uchachu wa udongo unaohitaji kama kilo 1.8 za chokaa safi kuufuta, na ya DAP kama kilo 3.6. Jumla ni karibu kilo 74 za chokaa kwa ekari kwa msimu, na kwa misimu minane ni kilo 590. Aliyetumia SA (salfeti ya amonia) kukuzia angefika mbali zaidi, kwa sababu SA hudai kama kilo 5.4 kwa kila kilo ya naitrojeni. Kwenye shamba linalolimwa kwa plau uchachu huo husambaa hadi sentimita ishirini. Kwenye shamba lisilolimwa hujikusanya juu, sentimita tano za kwanza, palepale dawa ya magugu inapotua.

Misimu mitano ya mwanzo shamba lilikaa safi hadi mahindi yanafunga kivuli. Msimu wa sita kishona nguo, bangi mwitu na mchicha pori vikaanza kuonekana wiki ya nne. Wa saba vikaonekana wiki ya tatu. Mwenye shamba akafanya ambacho wengi hufanya: akaenda duka la pembejeo akabadili dawa. Alichobadili ni chupa. Jina lilikuwa jipya na rangi ya karatasi ni nyingine, lakini ndani ilikuwa atrazini ileile ya gramu 500. Lebo nyingi siku hizi huandikwa namba ya kundi la utendaji, yaani jinsi dawa inavyoua gugu, na namba hiyo ndiyo ya kutazamwa kabla ya jina: atrazini ni kundi la 5, glaifoseti la 9, na dawa nyingine mbili za magugu zitakazotajwa mbele, 2,4-D ni la 4 na metolaklori la 15. Chupa mbili zenye namba moja ni dawa moja kwa gugu, hata kama bei zimepishana.

Chupa mpya ilikuja na jambo jingine. Kijana wa kupiga dawa alikuwa akipima kwa vifuniko, kumi kwa bomba la mgongoni la lita 16. Kifuniko cha chupa ya zamani kilibeba mililita 18 au 19, kipya mililita 31. Bila mtu yeyote kuamua, kipimo kikapanda kutoka kama mililita 185 kwa bomba hadi 310. Dawa ikaisha kabla shamba halijaisha, zikanunuliwa lita nyingine, na shamba lililokuwa likitumia lita 6 likatumia lita 10. Ekari tano ni kama hekta mbili, kwa hiyo maana yake ni lita 5 kwa hekta badala ya 3, yaani kilo 2.5 za kiini, atrazini yenyewe, badala ya kilo 1.5. Magugu yakapungua kidogo msimu ule wa nane, na sifa ikaenda kwa chupa mpya.

Oktoba iliyofuata afisa ugani alishauri udongo upimwe, majibu yakaonyesha uchachu mkali, na zikanunuliwa tani 6 za chokaa ya kilimo, mifuko 120 ya kilo 50. Ushauri ulikuwa sahihi na kipimo cha tani 3 kwa hekta hakikuwa cha ajabu. Kosa lilikuwa kwenye uwekaji. Chokaa ilimwagwa kwa marundo, ikasambazwa kwa koleo na reki, ikaachwa juu, kwa sababu shamba lilikuwa la kutolimwa na hakuna aliyetaka kurudisha plau. Mkulima anayeacha chokaa juu anakuwa ametia dozi ya sentimita ishirini kwenye sentimita tano.

Msimu wa tisa mahindi yalikuwa mazuri na shamba likawa jeupe hadi Machi, bila gugu la maana isipokuwa kongwa na ndago. Watu walisema chokaa imeua magugu. Msimu wa kumi, kwa kujiamini, ekari mbili zikapewa maharage mwishoni mwa Desemba.

Washukiwa waliotajwa, na kwa nini waliachiwa

Majirani walikuwa na majibu manne, na kila moja lina akili yake, kwa hiyo linastahili kujibiwa kwa ushahidi.

Inzi wa maharage ndiye wa kwanza kutajwa Mbozi kila maharage yanapofifia, na ni haki. Lakini inzi huacha alama: ukichana shina karibu na ardhi unakuta njia za funza au kifukofuko cha kahawia, na shina huvimba na kupasuka. Mimea ishirini ilichanwa na mashina yalikuwa masafi. Kuoza mizizi nako kungeonyesha mizizi ya kahawia inayochunika. Hii ilikuwa myeupe.

Upungufu wa naitrojeni hufifisha jani zima kwa usawa, bila kuunguza kingo.

Dai la tatu, "chokaa imeunguza", lilikuwa karibu na ukweli kuliko yote. Chokaa ikizidi hufunga manganizi, zinki na chuma, na maharage hugeuka njano kati ya mishipa. Ila upungufu wa madini hayo huanzia majani machanga ya juu, kwa kuwa mmea hauwezi kuyahamisha kutoka majani ya zamani. Hapa juu kulikuwa kijani na chini ndiko kulikoungua. Dalili ikianzia majani ya zamani, kwenye kingo, mwisho wa safari ya maji yanayopanda kutoka mizizini, fikiria kitu ambacho mmea umekinywa. Atrazini husafiri hivyo hivyo: huingia na maji ya mizizi, hufika kwenye jani, huziba usanisinuru, na jani linalopitisha maji mengi ndilo linalokufa kwanza. Ndiyo sababu pia maharage yaliota salama. Mche mchanga huishi kwa akiba ya mbegu na dawa haina cha kuziba hadi jani lianze kujitafutia chakula.

La nne lilikuwa mvuke wa 2,4-D kutoka kwa jirani. 2,4-D hukunja na kusokota shina na kufinya majani, haiunguzi kingo kwa njano. Halikuwepo jani lililosokotwa.

Kisha kuna ramani ya uharibifu, ambayo mara nyingi husema zaidi ya mmea mmoja mmoja. Maharage yalikufa vibaya zaidi mahali pa aina mbili: kwenye vichwa vya shamba, mwisho wa mistari, ambako mpiga dawa hugeuka bila kuachia mkono wa bomba na hivyo sehemu moja hupigwa mara mbili, na kwenye miduara ya upana wa hatua mbili tatu ambako marundo ya chokaa yalikuwa yamemwagwa. Kijana alilipwa kwa idadi ya mabomba, si kwa eneo. Malipo ya namna hiyo hayampi mtu sababu ya kufunga bomba anapogeuka. Ugonjwa hauchori mistari iliyonyooka, na wadudu hawajui chokaa ilishushwa wapi. Uharibifu unaofuata nyayo za mpiga dawa na marundo ya chokaa kwa pamoja unasema hayo mawili yamekutana.

Makopo

Kupima mabaki ya dawa maabara ni ghali. Kipimo cha makopo hakigharimu kitu, na kwa uamuzi wa kupanda au kutopanda kinatosha kabisa.

Udongo ulichotwa sehemu nne: sentimita 0–5 kwenye vichwa vya shamba palipoungua, sentimita 5–15 chini ya hapohapo, sentimita 0–5 katikati ya shamba, na 0–5 mpakani ambako dawa haikuwahi kufika. Kila sehemu ilichotwa pointi kumi na mbili na kuchanganywa. Usichote kwa jembe lililotoka kuchota palipoungua bila kulifuta, maana utahamisha jibu. Udongo ulijazwa makopo manne kwa kila sehemu, yametobolewa chini, mbegu tano za maharage kila kopo, za mfuko uleule uliolaumiwa. Kundi la tano lilikuwa muhimu kuliko mengine: udongo wa vichwa vya shamba uliochanganywa na mkaa wa kawaida uliosagwa na kuchekechwa, vijiko vitano vya mezani kwa kila kilo ya udongo. Mkaa hunasa atrazini. Mmea ukipona kwenye udongo uleule kwa sababu ya mkaa tu, huwezi tena kuulaumu mdudu, mbegu wala upungufu wa madini.

Makopo yakae juani. Wengi huyaweka kivulini barazani na kupata jibu la uongo, kwa kuwa dawa inayoziba usanisinuru huhitaji mwanga ili ionyeshe ukali. Yamwagiliwe kidogo kidogo. Maji yakitiririka kutoka chini huondoka na dawa. Siku ishirini na moja zinatosha.

Matokeo: udongo wa vichwa vya shamba, mimea yote njano kuanzia siku ya kumi na mbili na kufa kabla ya ishirini. Katikati ya shamba, njano kwenye kingo, ukuaji nusu. Mpakani, kijani. Vichwa vya shamba na mkaa, kijani chenye doa moja moja. Sentimita 5–15, kijani, na jibu hili la mwisho ndilo lililoamua tiba, kama itakavyoonekana.

Sampuli hizohizo zilipimwa pH, kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka uchachu unapozidi, kwa tabaka. Sentimita 0–5 ilikuwa 7.4. Sentimita 5–20 ilikuwa 4.9. Anayechota udongo wa kina chote na kuuchanganya angeona namba ya katikati isiyomtisha mtu, asione kwamba shamba lina tabaka mbili zinazopingana.

Hesabu ya mabaki

Udongo mchachu huifanyia atrazini mambo mawili. Kwanza huishika: molekuli yake hupata chaji na kugandamana na mfinyanzi na mboji, hivyo kinachobaki kwenye maji ya udongo, ambacho ndicho mzizi hunywa, huwa kidogo. Pili huivunja kwa kemia, ikageuka hidroksiatrazini ambayo haiui gugu. Hapo ndipo misimu ya sita na ya saba ilipopotelea. Dawa ilikuwa nzima na bomba halikuwa na tatizo kubwa kuliko la miaka ya nyuma. Ngozi ya juu ya udongo ndiyo iliyokuwa ikiila. Kuongeza kipimo kulileta nafuu kidogo kwa sababu kulifidia sehemu iliyoshikwa.

Chokaa ilipofika ikageuza yote mawili. Udongo ukaachia dawa na kuacha kuivunja haraka, ilhali kipimo kilibaki kile cha kufidia.

Tuseme kwenye udongo mchachu, wenye joto na unyevu, atrazini hupungua nusu kila siku 30, na kwenye tabaka la pH 7.4 kila siku 60. Hizi ni namba za kukisia zilizo ndani ya mipaka inayofahamika. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Mei, kisha mvua za Novemba na Desemba zilizofuata, siku za unyevu ni kama 180. Kiangazi hakihesabiwi sana, kwa sababu bakteria wa udongo hawafanyi kazi pakiwa pakavu. Huu ni mtego wa nyanda za juu wenye msimu mmoja wa mvua: kalenda inasema mwaka umepita, udongo unasema miezi sita.

Kwa kipimo cha zamani, kilo 1.5 na siku 30, dawa hupungua nusu mara sita, hubaki gramu 23 kwa hekta. Maharage hayajali. Kilo 2.5 kwenye udongo ule mchachu zingeacha gramu 39. Kilo 1.5 kwenye udongo wenye chokaa, nusu mara tatu, gramu 188. Kilo 2.5 kwenye udongo wenye chokaa, gramu 313, na pale bomba lilipopita mara mbili, gramu 625. Kutoka 23 hadi 625, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa wazimu ikitazamwa peke yake.

Mshukiwa mmoja zaidi hakutajwa na majirani lakini hutajwa na wataalamu: bakteria waliozoea. Udongo uliopigwa atrazini miaka mingi unaweza kuzaa bakteria wanaoifanya chakula na kuimaliza kwa siku chache. Hilo lingeeleza misimu ya sita na ya saba, ila lisingeeleza maharage kufa. Makopo yalimwondoa.

Usugu, na kitu kinachofanana nao

Je, magugu ya msimu wa sita yalikuwa sugu? Usugu wa kundi hili la dawa si hadithi. Ripoti ya kwanza iliyotambulika duniani ilitoka jimbo la Washington, Marekani, 1970, kwa gugu la Senecio vulgaris lililoacha kufa kwa simazini, ndugu wa atrazini. Lakini usugu una sura yake. Huanza na aina moja ya gugu, kwa mabaka yanayotanuka kutoka mmea mama, huku aina nyingine zikifa kama kawaida. Hapa aina tatu zisizo na undugu wa karibu zilipona kwa pamoja, shamba zima, na zote tatu zikafa msimu wa tisa dawa ilipopata nguvu. Gugu sugu lisingekufa.

Kongwa (Commelina benghalensis) na ndago ni jambo tofauti. Hazikuwa sugu, zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Glaifoseti huifinya kongwa ikiwa changa na kushindwa nayo ikiwa kubwa. Ukiikata kwa jembe kipande chenye kifundo huota mizizi upya kwenye tope. Zaidi ya hayo hutoa mbegu za aina mbili, za juu kwenye maua ya bluu na nyingine chini ya ardhi kwenye maua yasiyofunguka, ambazo hakuna dawa ya majani inayozifikia. Misimu minane ya glaifoseti na atrazini iliondoa washindani wake wote ikaiachia uwanja.

Wakulima wa pamba wa Georgia, Marekani, waliipata njia hiyohiyo. Pamba inayostahimili glaifoseti iliingia sokoni huko 1997, dawa nyingine zikawekwa kando, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kongwa, gugu la asili ya Afrika na Asia, ikawa miongoni mwa magugu yanayowasumbua zaidi kwenye pamba. Mwaka 2005 usugu wa Amaranthus palmeri dhidi ya glaifoseti ukathibitishwa hukohuko, na watu wakarudi kung'oa kwa mkono kwenye mashamba ya mamia ya ekari. Wengi wa Mbeya na Songwe hawaijui pamba kwa sababu mikoa ya kusini iliwekewa karantini kwa miaka mingi kuzuia funza mwekundu asivuke kutoka nchi jirani, lakini somo la pamba lile linatufaa bila kulima hata mche mmoja.

Kilichopangwa

Uamuzi wa kwanza ulihusu plau. Kutolimwa kuna faida zake Mbozi, hasa kwenye miteremko, na wanaopigania kutolimwa wana hoja. Hapa lakini sentimita tano za juu zilikuwa na chokaa nyingi na dawa nyingi, na kumi na tano za chini zilikuwa chachu na safi. Makopo yalishasema udongo wa chini hauui maharage. Kulima mara moja kwa plau ya ng'ombe hadi sentimita ishirini, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, kunapeleka chokaa inakotakiwa, kunapunguza ukali wa mabaki kwa kuyagawa kwenye udongo mara nne, na kunazika mbegu za kongwa ambazo nyingi hazioti zikiwa chini sana. Kisha shamba lirudi kutolimwa. Kulima kila mwaka kungefungua matatizo mengine.

Pili, ekari zote tano zirudi mahindi msimu mmoja, bila atrazini. Mahindi hayadhuriki na mabaki na hata husaidia kuyamaliza. Palizi ya dawa ibebwe na metolaklori ya gramu 960 kwa lita, lita 1.5 kwa hekta, baada ya kupanda na kabla gugu halijaota. Ni miongoni mwa dawa chache zinazoishika kongwa kuanzia kwenye mbegu, na inaruhusiwa kwenye maharage pia, hivyo haizibi njia ya msimu unaofuata. Inadai mvua ndani ya wiki moja hivi; ikikaa juu ya udongo mkavu ni fedha iliyotupwa. Kongwa itakayopenya ipigwe 2,4-D ya gramu 720, lita 1 kwa hekta, mahindi yakiwa na majani matatu hadi matano, asubuhi isiyo na upepo. Mahindi yakivuka hapo hukatika kirahisi baada ya dawa hiyo, na nyanya ya jirani haitakusamehe. Jembe la mkono lipite mara moja wiki ya tano, na kongwa iliyong'olewa itolewe nje ya shamba, isiachwe kwenye mifereji. Nguruwe na sungura huipenda, ila isilishwe ile iliyopigwa dawa.

Ndago haina njia ya mkato. 2,4-D huchoma majani tu. Glaifoseti ipigwe ndago ikiwa imekomaa na inaanza kutoa maua, wakati inapeleka chakula kwenye vinundu vya chini, irudiwe msimu baada ya msimu. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya tope la kijito, kwa kuwa glaifoseti hunaswa na chembe za mfinyanzi ndani ya bomba kabla haijafika shambani. Maji yakiwa magumu, tanguliza SA gramu 320 kwa bomba la lita 16, koroga iyeyuke, ndipo utie dawa.

Tatu, vifuniko vikatupwa. Nozeli ya koni iliyokuwa ikitumika kwa wadudu ilibadilishwa na nozeli bapa, ikashikwa sentimita 50 juu ya ardhi. Eneo la mita 10 kwa 10 likapimwa kwa kamba, bomba likatiwa lita 10 za maji matupu, kijana akapita kwa mwendo wake wa kawaida, na maji yaliyobaki yakapimwa: lita 7.4. Mita mraba 100 zimekula lita 2.6, hekta itakula 260, na bomba la lita 16 linafunika mita mraba 615. Ekari tano ni mabomba 33. Kuanzia hapo kila kipimo ni hesabu ya kuzidisha: metolaklori mililita 92 kwa bomba, 2,4-D mililita 62, kwa kikombe chenye mistari. Malipo yakabadilishwa kuwa ya ekari, na mkono wa bomba uachiwe hatua moja kabla ya kugeuka. Mtu mwingine apimiwe upya, kwa sababu mwendo wake si ule.

Maji ya kusuuzia bomba yanyunyizwe kwenye eneo lililokwisha kupigwa. Atrazini hutembea na maji, na Umoja wa Ulaya uliikatalia kibali 2004 kwa sababu ya mabaki kwenye maji ya chini ya ardhi. Mahali ambapo kisima kiko mteremkoni mwa shamba, kujazia bomba kisimani ni tabia ya kuachwa leo.

Lita nne zilizobaki za atrazini zisimwagwe wala zisigawiwe kwenye chupa za soda. Zikae kwenye chupa yake, zifungiwe, na zitumike shamba jingine la mahindi ambalo halitarajii maharage mwaka unaofuata, kwa mililita 185 kwa bomba hilohilo.

Maharage yarudi baada ya makopo kujaribiwa tena Novemba. Makopo yakikaa kijani siku ishirini na moja, ipandwe mistari minne ikikatiza vichwa vya shamba na miduara ya chokaa, mahali pabaya zaidi, si pale pazuri panapoonekana kutoka barabarani. Mistari hiyo ikifungua majani matatu-matatu ya tatu bila kingo za njano, ekari mbili zinaweza kupandwa Machi. Kingo zikionekana njano hata kidogo, yapandwe mahindi tena na makopo yarudiwe mwaka mwingine.